Kusimamia Kazi za Ubunifu Majengo Kusini: Je, Ni Kuacha Kubuni?

Swali la msomaji: Shikamoo mama. Mimi ni binti wa miaka 27, mzaliwa wa Lindi, na nina shahada ya ubunifu majengo. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikichora katika ofisi ndogo ya washauri hapa Lindi. Sasa mkurugenzi anataka niache meza ya michoro niwe meneja wa ofisi na wa miradi yote ya Lindi na Mtwara. Wenzangu niliosoma nao wananiambia nitageuka karani wa kufuatilia barua na madeni. Mjomba wangu, ambaye ni mkandarasi Nachingwea, anasema huko ndiko kwenye heshima na kipato. Nimepewa wiki mbili za kujibu. Naomba unieleze kwa ukweli ugumu wa kazi hii na faida zake kabla sijaamua.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Wenzako wana sehemu ya ukweli na mjomba wako anayo sehemu yake, lakini hakuna kati yao aliyekueleza kazi yenyewe ni nini. Mimi nimeifanya kwa miaka 24 nikiwa na ofisi Mtwara mjini, nikisimamia majengo kuanzia Kilwa Masoko hadi Newala, na jambo ambalo ningependa ulishike kabla ya mengine yote ni kwamba meneja wa kazi za ubunifu majengo haachi kubuni. Kinachobadilika ni malighafi yake. Badala ya mistari na karatasi anatumia muda, fedha, makubaliano na maneno ya watu, na jengo unaloliona limesimama huwa limeumbwa na maamuzi mamia yaliyofanywa baada ya michoro kukamilika. Asipokuwepo mtu wa kuyasimamia maamuzi hayo, yatafanywa na yeyote aliyekuwa karibu siku hiyo, na mara nyingi huyo hakuona hata mchoro mmoja.

Taaluma hii ya kusimamia kazi za ubunifu majengo ilianza kupewa jina lake Uingereza katika miaka ya 1960, wabunifu wa huko walipotambua kwamba ofisi zao zilikuwa na vipaji vingi na utaratibu mdogo. Mwaka 1963 Taasisi ya Kifalme ya Wabunifu Majengo ya nchi hiyo ilichapisha kwa mara ya kwanza mpango wa hatua za kazi, ambao tangu upangwe upya mwaka 2013 una hatua nane zinazohesabiwa kutoka 0 hadi 7, kuanzia kutafakari haja ya mshitiri, yaani mwenye kujengewa, hadi jengo linapotumika. Tangu mwanzo wake taaluma imekuwa na pande mbili, yaani kusimamia ofisi pamoja na watu, mapato na ubora wa michoro yake, na kusimamia mradi mmoja mmoja hadi ukabidhiwe. Ofisi kubwa hugawa pande hizo kwa watu tofauti. Wewe utazibeba zote mbili, kwa sababu ofisi zetu za Kusini ni ndogo: asubuhi utakuwa unatafuta fedha za mishahara ya wachoraji wawili, na mchana utakuwa umesimama kwenye jamvi, yaani sakafu ya jengo, linalomwagwa zege. Upande mmoja ukikulemea, mwingine utaharibika kimyakimya, na huo ndio ugumu ambao hakuna chuo kinachoweza kukuandaa nao kikamilifu.

Ugumu unaoihusu mikoa yetu hasa unaanza na kalenda. Wewe ni mtoto wa Lindi, kwa hiyo unajua kwamba fedha ya mwananchi wa kawaida huku inatokana na korosho, na kwamba minada huanza mwezi wa Oktoba, malipo yakifuata kidogokidogo hadi kuingia mwaka mpya. Mvua zetu nazo ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei. Maana yake ni kwamba mshitiri anapata fedha ya kujenga katika wiki zilezile ambazo ardhi inaanza kulowa, na anapofika ofisini kwako mwezi wa Desemba atataka msingi uchimbwe Jumatatu inayofuata. Mchoraji hana haja ya kulijua jambo hili, lakini meneja asiyelijua atawapotezea watu jasho lao. Mimi nilijifunza kumkalisha mshitiri chini na kumwonyesha kwamba fedha ya Desemba inafaa ilipie uchunguzi wa udongo, michoro kamili, kibali cha ujenzi na vifaa visivyoharibika, kisha sehemu kubwa ikae benki hadi Mei, ili msingi, kuta na paa vifanyike kati ya Juni na Oktoba jua likiwa kali na barabara zikipitika. Mazungumzo hayo ni magumu, kwa sababu mtu mwenye fedha mkononi anaogopa kwamba shida za nyumbani zitaila kabla ya Mei, na hofu yake ni ya haki kabisa. Kwa hiyo mara nyingi tunaandika mkataba wa awamu mbili, msimu huu hadi lenta, yaani boriti ya zege inayopita juu ya milango na madirisha, na msimu ujao paa na umaliziaji, na kila awamu inakadiriwa peke yake ili jengo likisimama lisimame mahali salama, vichwa vya nguzo vikiwa vimefunikwa na nondo zikiwa zimekingwa. Katika msimu wa 2018/2019, utaratibu wa ununuzi wa korosho ulipobadilishwa katikati na malipo ya wakulima wengi yakachelewa, majengo ya namna hiyo ndiyo niliyoyakuta yakiwa mazima mwaka uliofuata.

Baada ya kalenda kuna umbali. Saruji tunayo, kwani kiwanda cha Dangote kiko hapa Mtwara tangu mwaka 2015, lakini vigae, alumini, nyaya, vifaa vya bomba na karibu kila kitu cha umaliziaji hupanda lori Dar es Salaam na kusafiri zaidi ya kilomita 500. Mwezi wa Mei mwaka 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika, na kila meneja aliyekuwa ameagiza vifaa vyake dakika ya mwisho alikaa akilipa walinzi na mafundi wasio na kazi. Ukikubali nafasi hii, jifunze kuandika orodha ya vifaa vinavyotoka mbali katika wiki ya kwanza ya mradi, uoanishe kila kimoja na tarehe ambayo mkandarasi atakihitaji, na uwe na ujasiri wa kumrudia mbunifu mapema na kumwambia kwamba kioo alichokichagua hakitafika salama. Wazee wetu waliyajua haya. Katika majengo ya kale ya matumbawe ya pwani yetu, upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko iliyobeba dari, na ndiyo sababu vyumba vile ni virefu na vyembamba. Habari ya kilichopatikana ilimfikia mjenzi kabla hajapima ukuta, naye akaifanya kuwa umbo. Kila ninapopeleka vijana wa ofisi Kilwa Kisiwani huwaonyesha jambo hilo kwanza, kabla ya kuba na matao.

Kuna na mambo ya mchanga na maji, ambayo yanaonekana madogo hadi yakuumize. Katika miradi ya Shangani na Mikindani utakuta mtu analeta mchanga wa ufukweni kwa sababu uko karibu na hauna gharama, na chumvi yake itazila nondo ndani ya zege kwa miaka michache. Ukipanda Uwanda wa Makonde, kule Newala na Tandahimba, mchanga si tatizo kubwa kama maji, ambayo hununuliwa kwa mapipa, na zege linalohitaji kumwagiliwa kwa siku saba au zaidi huishia kumwagiliwa siku mbili. Usimlaumu fundi hapo. Lawama ni ya meneja ambaye hakuweka gharama ya maji kwenye makisio, akamwachia mkandarasi achague kati ya faida yake na uimara wa zege.

Nikueleze kosa langu mwenyewe, maana lilinifundisha zaidi ya darasa. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nasimamia bweni la wasichana upande wa Masasi. Nilipofika nikaona madirisha yamepangwa bila kuutumia upepo wa kusi, nikampigia simu msimamizi wa mkandarasi nikamwelekeza ayasogeze na kuyaongeza upana. Alikubali. Sikuandika chochote, wala sikumjulisha mhandisi wa miundo, ambaye alikuwa ametoa mchoro wa lenta kwa nafasi za zamani. Wiki tatu baadaye lenta ya upande mzima ilikuwa imemwagwa na nondo zilizopungua juu ya nafasi zilizopanuka, ikabidi ibomolewe. Mkandarasi alidai alipwe mara mbili na alikuwa na haki, mshitiri hakuwa na fedha hizo, na ofisi yetu ililipa kutoka katika ada yake. Tangu siku hiyo ninatunza daftari la michoro linaloonyesha kila mchoro, toleo lake, tarehe ya kutoka na saini ya aliyeupokea, na hakuna agizo langu la saiti linalotekelezwa kabla halijaandikwa katika kitabu cha maelekezo. Wenzako wakiita kazi hiyo ukarani, wakubalie jina wasikubabaishe. Daftari lile limewalinda wanafunzi, wafanyakazi na wagonjwa wasionijua kabisa.

Sehemu kubwa ya kazi yako itakuwa ya umma, na huko utakutana na njia mbili. Zabuni za kawaida sasa zinapitia NeST, mfumo wa ununuzi wa umma kwa njia ya kielektroniki ulioanza kutumika mwaka 2023, na ofisi isiyo na mtu makini wa kuandaa nyaraka hukosa kazi hata ikiwa na wabunifu hodari. Njia ya pili ni fosi akaunti, ambapo shule au kituo cha afya hujengwa na mafundi wa eneo husika chini ya kamati za wananchi za ujenzi, manunuzi na mapokezi, kwa kutumia ramani zilizoandaliwa ngazi ya taifa. Kwa utaratibu huo na mingine, nchi ilipanga kujenga madarasa 15,000 kwa fedha za mpango wa UVIKO-19 mwaka 2021 na 2022. Watu wa taaluma yetu wengi hawaipendi njia hii, nami nadhani wanaikosea. Ramani ya taifa haijui kwamba kiwanja cha Kilwa Kivinje kina maji ya chumvi karibu na uso wa ardhi na kwamba kile cha Newala kina mteremko, kwa hiyo anahitajika mtu wa kuisoma ramani mbele ya kamati, kuieleza kwa Kiswahili chepesi, na kusema ni kipi kinaweza kubadilishwa na kipi hakiguswi. Nimekaa chini ya mwembe na kamati za kina mama waliohesabu mifuko ya saruji kwa umakini ambao sijauona kwa makarani wengi wa bohari. Kuwafundisha watu wa namna hiyo kupima unene wa jamvi ni ubunifu majengo kamili.

Sasa nije kwa mjomba wako, na hapa nitasema wazi kwa sababu ninakutakia mema. Kwetu Kusini, katika jamii za Wamakonde, Wamwera na Wayao, mjomba ana sauti kubwa, na pengine ndiye aliyekusomesha. Siku utakapokuwa meneja wa miradi Lindi na Mtwara, ipo siku jina lake litakuwa miongoni mwa wakandarasi wanaoomba kazi unayoisimamia. Siku hiyo lazima umwandikie mkurugenzi wako na mshitiri ukieleza undugu huo kabla bahasha hazijafunguliwa, kisha ujitoe katika tathmini na katika kuidhinisha malipo yake, hata kama yeye ndiye mjenzi bora kuliko wote. Nenda ukamweleze sasa, kwa adabu, ukiwa umekaa naye nyumbani, kabla kazi yoyote haijatokea. Jambo hili likisemwa mapema ni heshima, likisemwa wakati zabuni iko mezani ni matusi. Shinikizo la aina hii halitatoka kwa ndugu peke yao. Utaombwa usaini hati ya malipo kwa kazi ambayo haijafanyika kwa hoja kwamba mwaka wa fedha unaisha tarehe 30 Juni na fedha zitarudi, na hoja itatolewa na watu wema wenye nia ya kuiokoa shule yao. Usisaini. Kinachowezekana ni kupima kwa haraka kazi iliyofanyika, na vifaa vilivyopo saiti pale mkataba unaporuhusu, na kuandika hati ya kiasi hicho tu.

Kuhusu kuwa mwanamke mwenye umri mdogo mbele ya mafundi, sitarefusha. Mafundi wa Kusini humpima mtu kwa kuuliza swali ambalo jibu lake wanalijua. Jibu ukiwa unalijua, na usipolijua sema utalileta kesho, kisha ulilete kweli.

Uzito mkubwa kuliko yote ni ule wa maisha ya watu. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka na kuua watu zaidi ya 30. Nilikuwa na miradi minne wakati huo, yote ya ghorofa moja au mbili, na bado sikulala hadi nilipozunguka kuiangalia nguzo moja baada ya nyingine. Wasiwasi huo hauishi kwa uzoefu. Nimeuzoea tu kama mama anavyozoea kuamka usiku.

Faida zake ni zipi, basi? Kipato kwanza, kwa kuwa umeuliza kwa ukweli: ada ya kuchora huja mara moja na kwisha, wakati usimamizi hulipwa mwezi kwa mwezi au hatua kwa hatua, na mtu anayeweza kuongoza mradi hadi ukabidhiwe anahitajika na washauri, wakandarasi, halmashauri, taasisi za dini na kampuni zinazokuja kwa ajili ya gesi, kwa hiyo mlango wa kubadilisha mwajiri unabaki wazi. Lakini mjomba wako angeijua kazi hii kutoka ndani, nadhani angeanza na faida nyingine. Mchoraji huliona jengo lake katika picha. Wewe utakuwepo lori la mwisho linapoondoka, utakuwepo siku ya kukabidhi funguo, na utarudi tena wakati wa matazamio, yaani muda ambao mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro, kuangalia kama paa linavuja. Ninakuomba upiganie jambo moja hapo. Mikataba mingi ya majengo madogo huweka matazamio ya miezi sita, na jengo likikabidhiwa Mei, miezi hiyo sita huisha kabla mvua za msimu hazijashika, mkandarasi analipwa salio la fedha za zuio, yaani sehemu ya malipo yake iliyoshikiliwa hadi hapo, na paa linaanza kuvuja Januari likiwa halina mwenyewe. Dai miezi 12, ili kila jengo lipite angalau msimu mmoja wa mvua likiwa bado mikononi mwa aliyelijenga. Kuna zahanati moja uwandani ambako tuliokoa chumba cha kujifungulia kwa njia hiyo tu: mvua ya kwanza ilionyesha kona mbaya, mkandarasi akarudi akairekebisha kwa gharama yake. Nilipopita miaka sita baadaye nilikuta dari bado nyeupe na mama mmoja akimnyonyesha mtoto chini yake. Sijui mchoro wowote uliowahi kunipa furaha ya kiasi hicho.

Kuna na furaha ya vijana. Wachoraji watatu waliopita mikononi mwangu sasa wamesajiliwa, na mmoja ana ofisi yake. Kumpangia kijana kazi inayomzidi kidogo, kukaa naye akikosea, na kumwacha asimame mwenyewe mbele ya mshitiri ni sehemu ya usimamizi inayosahaulika, nayo ndiyo inayoifanya ofisi iishi kuliko mwanzilishi wake.

Kwa hiyo, ungekuwa mwanangu wa kuzaa ningekwambia uikubali nafasi hiyo, ila si kwa jibu la mdomo. Kabla wiki mbili hazijaisha, mwandikie mkurugenzi barua fupi ukiomba mambo matatu yaingie katika mkataba wako wa ajira. La kwanza ni mamlaka ya maandishi ya kusimamisha kazi yenye hatari na kukataa vifaa vibovu bila kusubiri simu yake, kwa sababu meneja asiye na mamlaka hayo hubeba lawama pekee. La pili ni siku moja kila wiki ya kukaa kwenye michoro, angalau kuipitia ya wenzako kwa kina kabla haijatoka, kwani jicho lisilochora hufifia na utaanza kuidhinisha usichokielewa. La tatu linahusu usajili wako. Hujaniambia kama umekwisha kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Kama bado, hakikisha kazi ya umeneja inafanyika chini ya mbunifu aliyesajiliwa, ambaye atapitia na kusaini taarifa zako za mafunzo kwa vitendo, na omba muda wa kujiandaa na mtihani wa Bodi. Hilo la tatu usikubali liahirishwe hadi miradi itakapopungua, kwa sababu miradi haipungui, na bila usajili utasimamia kazi za watu kwa miaka mingi huku saini inayohesabika mbele ya sheria ikiwa ya mtu mwingine.